Bei ya Shuka

Twalib, ujumbe wako umeingia saa nne usiku,
kafyu imeshaanza, mbwa tu barabarani:
"Zile elfu tatu zimekwendaje?
Na wewe si uko tu nyumbani."

Niko nyumbani, ndiyo.
Hoteli ya Shanzu ilipofunga lango
walitupa barua moja moja na mche wa sabuni,
na mimi, miaka kumi na mmoja chumba cha kufulia,
nikarudi Kisauni na karatasi niliyoibandua ukutani:
shuka kubwa, mia mbili na hamsini,
taulo, mia na hamsini,
foronya, mia.
Sijui kwa nini niliichukua.
Labda nilitaka ushahidi kuwa mikono hii
iliwahi kuandikiwa bei.

Kisha Baba akaanza kukohoa,
yeye na mguu wake uliokufa tangu kile kiharusi.
"Vitanda vimejaa," daktari alisema. "Muuguzeni nyumbani."
Muuguzeni. Kwa wingi.
Nikageuka nyuma nione tuko wangapi.

Basi soma hesabu, ndugu yangu, umeitaka mwenyewe.
Shuka tatu kwa siku: jasho, mkojo, jasho tena.
Siku arubaini na moja.
Mia na ishirini na tatu, kwa bei ya wageni:
elfu thelathini, mia saba na hamsini.
Maji ya mkokoteni, mitungi minne kila kukicha,
na mtungi sasa ni thelathini.
Elfu tatu zako ni maji ya siku ishirini na tano.
Sabuni haijaingia. Makaa ya mafusho hayajaingia.

Yako mengine, hayamo kwenye karatasi ya hoteli.
Kumgeuza usiku mara nne, mgongo usiote vidonda.
Uji, kijiko, subiri ameze, kijiko.
Kumkata kucha huku akinitukana.
Kukaa gizani nikihesabu pumzi zake,
nikifika ishirini naanza upya,
naogopa kusinzia kama mlinzi wa benki,
ila mlinzi wa benki hupewa posho ya usiku.

Bi Saumu huniachia ndimu kizingitini,
hunisemesha kupitia dirisha, barakoa hadi machoni:
"Utapata thawabu, Mwanatumu."
Nasema amin. Thawabu naitaka, siikatai.
Lakini dukani kwa Salehe unga haupimwi kwa thawabu.
Na kijana aliyekuja kuandikisha unga wa msaada
aliniuliza kazi yangu, nami nina beseni kichwani,
kabla sijajibu akaandika: hana.

Usiku wa thelathini na tatu homa ilimpanda,
akaniita Mama. Si mama yake, mama yetu.
"Mwanasha, umefunga mlango wa uani?"
Miaka tisa yuko kaburini, Twalib.
Nikasema, "Labeka, nimefunga."
Akalala.
Hilo nimelizungushia kalamu,
nimelitafutia bei hadi alfajiri.
Nimeacha wazi.

Sasa anakaa kitako. Anadai mkate wa mofa.
Jana alinikemea redio iko chini,
nikatoka uani nikacheka mpaka nikalia.

Lakini shuka bado zipo.
Na shuka iliyolowa yataka watu wawili,
huyu asokote kulia, yule kushoto.
Hotelini nilikuwa na Kadzo upande wa pili.
Hapa nafunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha
navuta peke yangu, nondo inalia,
maji yananirudia miguuni.

Njia zimefunguliwa tangu Jumatatu,
Baba mwenyewe kasikia redioni,
akatazama mlango, hakusema kitu.

Sikudai, Twalib. Karatasi nitaichana.
Ukija usije na machungwa,
usije na maswali ya risiti.
Vua saa,
kunja mikono ya shati,
shika hiyo ncha nyingine.