Majina Kumi na Nane

Naandika nyuma ya mfuko wa saruji
maana daftari la klabu limejaa madeni.
Kesho saa nne basi la Kampala linapita Tororo,
na Lugogo wanataka majina kumi na nane,
si kumi na tisa, si "tutaona tukifika."

Kaka yangu Owor, fundi wa kuta, ameshiba na ananishauri:
saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne,
maji kiasi, ukuta unasimama.
Zege halinuni, nikamwambia.
Zege haliulizi kwa nini limewekwa benchi.

Amoding kwanza.
Mwaka jana wale wa mjini walitupangusa
kama vumbi la kiwanda juu ya meza,
nikaapa: safari ijayo naja na miili.
Amoding hubeba mfuko wa kilo hamsini
kama anambembeleza mtoto wa jirani.
Akisimama golini, goli linapungua.
Lakini mwambie ageuke!
Ni lori la Malaba linalotafuta njia ya kurudi,
na dereva bado anaangalia kioo
wakati mpira umeshalala wavuni.

Nikipanga Amoding watano
hakuna atakayetuangusha,
na hakuna kati yetu atakayeugusa mpira.

Basi Nyaburu.
Mpira hulifuata gongo lake kama ndama.
Tulianza pamoja, na magongo ya mpera,
nyuma ya reli, tukipiga ndimu kavu,
na hata ndimu ilimtii.
Sasa ana thelathini na minne, na goti linalotabiri mvua.
Robo ya kwanza ni malkia.
Robo ya pili anaanza kunitazama.
Jioni nilimkuta sokoni akifunika nyanya zake.
Akasema kabla sijafungua kinywa:
niandike au niache, ila usiniandike kwa huruma.
Huruma haina namba ya jezi.

Na Nyadoi, kumi na sita,
anayekimbia kama aliyetumwa chumvi chungu kikiwa motoni,
akifika hajui alitumwa nini.
Hajawahi kukanyaga nyasi bandia.
Aliniuliza, ni kweli zinamwagiliwa?
Zinamwagiliwa, nikasema, ila hazikui.
Alicheka mpaka akakaa chini.
Mpira anaupoteza mara tisa. Mara ya kumi
anafanya kitu ambacho sikumfundisha,
nami nageuka kuangalia kama kuna mwingine aliyeona.

Watoto watupu ni ahadi, na ahadi hailindi kona fupi.
Wakongwe watupu ni hadithi.
Hayo nayajua. Nimeyasema mikutanoni.
Kuyajua hakupunguzi jina hata moja.

Saa saba usiku. Umeme umeondoka.
Nahesabu kwa tochi ya simu: kumi na tisa.
Nahesabu kutoka chini: kumi na tisa.
Nyaburu nimemweka kwa ajili ya dakika kumi na tano,
Nyadoi kwa ajili ya miaka miwili ijayo,
Amoding kwa ajili ya hofu yangu mwenyewe,

na kidole kimetua kwa Apolot.

Apolot si mkubwa. Si fundi. Si mtoto.
Hana kosa ninaloweza kulitaja,
hana sifa ya kumtetea nayo mbele ya mtu.
Ndiye aliyefunga mipini iliyopasuka kwa raba ya tairi,
mmoja mmoja, jikoni kwao, bila kuombwa.
Kila upande wa mizani una mtu wa kuuvuta;
katikati hakuna anayevuta.
Hapo ndipo kalamu inapopita kirahisi.

Nimepiga mstari. Karatasi ya saruji ni ngumu,
haikuchanika.

Kesho saa nne atakuwa wa kwanza kituoni,
mfuko wa mipira begani,
na ataniuliza kama nimekula.