Mbona Mimi ni Njano?

Huku Punta Arenas, upepo ukichachamaa,
manispaa hufunga kamba kwenye kona za uwanja
ili watu wazima wavuke barabara
wakining'inia kama nguo za kuanikwa.
Nimezishika kamba hizo miaka arobaini na minne
kabla ya kununua programu ya kupangia riwaya
na kuzikuta tena humo, nyembamba, za rangi,
kila mhusika na yake.

Natoka zamu ya kupima kaa kwenye ghala la barafu,
mikono ingali inanuka chumvi na glavu,
nafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni.
Kadi sitini na mbili. Safu ishirini.
Baba ni buluu. Yule mwanamke wa Río Gallegos, kijani.
Mama, njano.
Nabonyeza kadi, naiburuta, naiachia,
nayo inakaa pale ilipoambiwa,
jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wa Oyarzo
aliyewahi kulifanya.

Programu ina adabu ya karani.
Inauliza: Mhusika huyu anataka nini?
Chini yake kisanduku cha herufi mia mbili.
Baba alitaka nini?
Naandika: kukata manyoya ya kondoo. Nafuta.
Naandika: kuwa na nyumba mbili na upepo mmoja.
Zimebaki herufi mia moja sitini na tano.

Kisha nukta nyekundu inanionya:
Nolberto hajaonekana tangu sura ya tisa.
Ni kweli, naiambia. Hata sisi tulisubiri.

Sura ya saba ndiyo nguzo.
Humo mama anaikuta barua ndani ya bitana ya koti,
anakaa chini, birika linachemka hadi linakauka.
Yote yaliyo kabla yanapanda kilima,
yote yaliyo baada yanateremka.
Nimeupenda msuko huo. Nimeuchana, nimeupaka mafuta,
hakuna unywele uliochomoza.

Jumapili mama akaja na sufu yake,
akakaa nyuma yangu akifuma soksi.
"Mbona mimi ni njano?"
Rangi nyingine zilikwisha, Mama.
"Na hii imeandikwa nini?"
Nikamsomea: Edelmira anagundua.
Sindano zikanyamaza.
"Agundue nini? Nilijua kabla ya harusi.
Aliniambia mwenyewe, kwenye foleni ya mkate.
Nikamwambia, sogea mbele, zamu yetu imefika."

Bati la jirani likapiga, likatulia.
Akaishusha miwani, akakishika kipanya
kama mtu aliyepewa kifaranga,
akaiburuta kadi yake polepole,
sita, tano, nne,
ikamponyoka mara mbili, akaiokota,
hadi safu ya kwanza, juu kabisa,
kabla hata mimi sijazaliwa.

Kamba hukatikia pabovu.
Yangu ilikatikia pale nilipojivunia fundo.
Kadi thelathini na moja zikageuka nyekundu:
machozi ya sura ya nane hayana sababu,
ukimya wa sura ya kumi na moja hauna siri,
na yule binti anayemficha mamake ukweli
sasa ndiye pekee asiyejua.

Urudishe mpangilio wa awali? programu ikauliza.
Kidole changu kilikuwa juu ya Ndiyo.
Mama alikwisharudi kwenye kisigino cha soksi,
sehemu ngumu, akihesabu kwa midomo.
"Tena usiandike kwamba nilikaa chini.
Ile barua niliisoma nikiwa nimesimama.
Ilikuwa na makosa ya tahajia. Nikamsahihishia,
nikairudisha kwenye bitana, nikashona."

Nikabonyeza Hapana.
Nikafungua kadi mpya, isiyo na rangi.
Kisanduku kikaniuliza lile swali lake.
Mama, nikasema, wewe ulitaka nini?

"Ngoja," akasema. "Umenipotezea hesabu."