Safu ya Nne

Baba alikuwa mbandika vigae.
Miaka sita, katika banda refu kuliko mtaa wetu,
amelala chali chini ya tumbo la chombo:
kigae, gundi, kubana, kungoja,
kigae kingine.
Chombo kikaruka mara moja tu, bila mtu ndani,
kikazunguka dunia, kikarudi kutua chenyewe
kama farasi ajuaye zizi lake.
Siku hiyo baba alikuwa zamu ya usiku, amelala.
Kisha nchi ikabadili jina,
naye akarudi Karaganda na nusu ya mshahara
na kigae kimoja cheusi
ambacho mama alikitegeshea sufuria ya moto.

Mimi natengeneza meno ya bandia.
Jioni, wagonjwa wakishaondoka na vinywa vyao,
taa ni ile ile, koleo ni zile zile,
nachonga chombo cha baba, sentimita arobaini na tano
toka puani hadi mkiani.
Mabawa ni ya balsa, mti mwepesi,
ukipiga chafya utautafuta chini ya kabati.
Roketi ya kukibeba ni karatasi niliyoviringisha
juu ya bomba la kufagilia.
Vigae nimevichora kwa penseli, mmoja mmoja,
nikafika elfu moja na mia mbili, nikaacha kuhesabu.
Vile vilivyopinda ni vya wiki niliyougua homa.

Kwenye ngazi za kliniki nilikirusha kwa mkono.
Kikainua pua, kikasita, kikaanguka kwa mkia.
Nikakitia puani madini ya meno, gramu nane.
Kikachimba theluji.
Nikapunguza gramu mbili,
kikaambaa hadi kwenye gari la daktari Zhumagul
na kumkwaruza kioo.
Sijamwambia.

Aprili, nyikani, ng'ambo ya vilima vya makaa.
Theluji bado imejificha mitaroni.
Baba amekaa garini, mlango wazi, kofia hadi kwenye nyusi.
Miaka themanini na moja, na swali moja tu njia nzima:
"Umetumia gundi gani?"
Nikamtajia. Akaguna.
Temirlan, mtoto wa dada, ameshika kitufe kwa mikono miwili.
Tano, nne, tatu, moja
(mbili ilimezwa na furaha)
na roketi haipo tena pale ilipokuwa.
Panapofuka moshi, na harufu ya baruti,
na sisi watatu shingo zimekatikia nyuma.

Juu kabisa, mlio mdogo, kama mtu kufungua soda.
Vikaachana.
Parashuti ya roketi ikachanua nusu.
Chombo kikaanguka kimgongomgongo,
kikaanguka,
nami nikahesabu majira ya baridi mawili yakishuka nacho,
mpaka hewa ikayashika mabawa
na tumbo likageukia ardhi.

Kikaambaa. Hakikulia, hakikuwaka, hakikuvutwa na kitu.
Kilipinda kushoto, kwa kuwa bawa la kushoto
nililipaka rangi mara moja zaidi.
Duara moja pana. La pili, chini zaidi,
likapita juu ya gari.

Hapo ndipo baba alipotoka.
Nilikuwa nimesahau:
alikijua chombo kile kutoka chini tu.
Ubavu wake, mgongo wake mweupe, bendera yake,
hivyo ni vya watu wa picha.
Cheusi kile kinachopita juu ya uso, kwa mistari yake,
hicho ndicho alichokiona miaka sita.
Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe,
kidole gumba mbele, kama anayebana.

Sekunde arobaini na moja. Kikatua kwenye mchongoma,
ncha ya bawa imevunjika.
Nikamletea. Akakipindua, akakisogeza jichoni,
akakisoma kama barua ya deni.
"Safu ya nne," akasema. "Umeruka kigae."
Akaingia garini, akafunga mlango kwa sababu ya baridi,
chombo kikiwa mapajani mwake.

Temirlan hakuwepo.
Alikuwa doa dogo mbali kule nyikani,
akiikimbiza parashuti, na upepo ukimshinda.