Kushusha Injini

Ilizimika Hogoro, ikiwa na magunia tisini ya alizeti mgongoni,
bila kelele, kama mtu aliyekumbuka jambo akanyamaza.
Nilipochomoa kijiti cha oili kilikuja na rangi ya chai ya maziwa.
Nikajua. Nikakaa kwenye bampa nikijifanya sijui
mpaka trekta la Chilongani lilipokuja kutuvuta hadi Kibaigwa.

Sasa inaning'inia kwa mnyororo kwenye magogo matatu,
inadondosha weusi wake ndani ya karai.
Pale ilipokuwa pamebaki shimo;
kuku wa jirani ameshaingia, anapima kama panafaa kutagia.
Pistoni sita zimelazwa juu ya gunia,
bolti zimo kwenye kopo la Blue Band,
na Fundi Mbukwa anapitisha ukucha ndani ya silinda ya nne.
"Sikia," anasema. Ukucha unakwama.
"Ringi imekula ukuta. Lakini bloku nzima.
Tunatia silivu, tunachonga krenki, hedi inakwenda mjini kusagwa.
Usiache mbachao kwa mswala upitao."

Hemedi, mwanawe wa kambo, ana picha kwenye simu:
injini imeoshwa, imepakwa rangi ya fedha,
imekalishwa juu ya tairi kama bibi harusi.
"Ya mtumba, mzee. Imeshuka juzi. Siku mbili unapakia.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Methali zote mbili nilizipokea.
Hakuna hata moja iliyokuja na bei ya gasketi.

Jumatano nikaenda Dodoma kuiona hiyo ya picha.
Waliiwasha palepale chini, kwa betri na dumu la dizeli.
Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni.
Ilipumua vizuri. Vizuri mno,
kama shahidi aliyefundishwa la kusema.
Niliuliza ilibeba nini huko ilikotoka.
Muuzaji akacheka. "Injini haina kabila, mzee. Milioni saba na nusu."

Yangu naujua uongo wake.
Najua inavyojidai kuchoka kabla hata Pandambili hatujaiona,
inavyokohoa asubuhi za Julai, baridi ikiuma,
mpaka uiache dakika kumi, usiisemeshe.

Sechelela alifungua daftari juu ya goti.
Injini hakuitazama.
Akaandika milioni nne na laki mbili upande huu,
saba na nusu upande ule,
katikati ada ya Nyemo, muhula wa pili, akaizungushia duara.
Kisha akauliza, taratibu, maana swali lilikuwa na makali:
"Kabini ulibadilisha lini?"
Baada ya ile ajali ya Mbande.
"Giaboksi?"
Mwaka wa Elinino.
"Springi? Difu? Bodi ya mbao?"
Nikakohoa.
"Basi hilo lori la baba yako unalolisema, liko wapi?"

Nilionyesha mnyororo kwa kidole.

Alisogea. Akafuta grisi kwa ncha ya kitenge,
akaisoma namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, tarakimu moja moja,
kama anayetafuta jina kwenye orodha ya wadeni.
"Ichongwe," akasema. "Si kwa ajili ya baba yako.
Tofauti ni milioni tatu na laki tatu. Hiyo ni yangu."

Siku nane, alisema Mbukwa. Zikawa kumi na nne.
Kuku alihama kwa matusi, akaacha yai moja.
Injini ikarudi mahali pake. Bolti mbili zilibaki ndani ya kopo,
na hakuna aliyeuliza.

Nikazungusha ufunguo. Ikakataa. Nikazungusha.
Hemedi akashika mafuta, sisi watatu tukaenda kuinama nyuma ya ekzosi.
Moshi wa kwanza ulikuwa mweusi; huo tuliusamehe.
Wa pili ndio tulioungoja:
ukiwa wa bluu, oili bado inapita; ukiwa mweupe, ni maji,
na pesa imekwenda.
Upepo wa Kibaigwa ukaja na vumbi lake
ukauchukua kabla hatujaisoma rangi.

Mbukwa akanitazama. Mimi nikamtazama Sechelela.
"Pakia," akasema. "Utanipigia ukifika Gairo."