Vidole vya Bwana Kuwahara

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Inaingia, inakaa, inasubiri chakula cha usiku.
Siku ile ilitukuta tunaongoza, mbili kwa moja,
tukakimbilia kibanda cha kupimia majani ya chai:
wachezaji tisa, mpira mmoja uliolowa, na yeye.

Aliuweka mkono wa kulia juu ya mizani
kama anayetaka kujua watamlipa kilo ngapi.
Kidole cha kati kimepinda kwenda Kyela,
cha shahada kimegeukia mlima Rungwe.
"Huyu," akasema (kwake kila kitu ni huyu),
"huyu mwaka wa kwanza. Huyu mwaka wa sita."
Hivyo ndivyo alivyotusomea maisha yake,
si kwa vikombe, kwa mifupa.

Miaka kumi na minne alichuchumaa nyuma ya mpigaji
akidaka moto wa wengine.
Mrushaji hutazamwa na uwanja mzima;
mdakaji hutazamwa akikosa.
Magoti yakachakaa. Wakampa kiti.

Kocha mkuu.
"Kiti kibaya," akasema. "Kuchuchumaa, napumzika.
Kukaa, nachoka."
Misimu mitatu: nafasi ya nne, ya tano, mkiani.
Kisha akakwama, akitafuta neno,
kiganja kikifagia hewa juu ya mizani.
Atupele, ambaye baba yake alirudi kutoka kiwandani
na barua na sabuni mbili, akamsaidia:
"Kupunguzwa."
"Kupunguzwa," akarudia, taratibu,
kama mtu anayeonja kande mara ya kwanza.
"Ndiyo. Mimi, kupunguzwa."
Hakuna aliyecheka. Neno hilo tunaishi nalo nyumbani.

Lakini kilichomuuma si barua.
Alikuwapo kijana, jina hakulitaja,
mrushaji wa miaka kumi na tisa,
aliyemwacha uwanjani hadi raundi ya tisa
kwa sababu macho ya kijana yalisema bado nipo.
Bega likachanika. Hakurusha tena.
"Mdakaji anaona macho," akasema. "Kocha aone bega."
Sentensi hiyo haikuwa na kosa hata moja.

Mvua ikaondoka ghafla, kama mgeni aliyekumbuka kwao.
Tukarudi kwenye tope, migomba ikidondosha matone,
viroba vya mbolea vilivyojaa mchanga vikiwa vituo vyetu.
Nilikuwa narusha mimi. Nilitaka kumaliza mimi.
Mama alikuwa ameacha kikapu chake aje kuona.

Raundi ya saba, mpira wa tatu, aliinuka.
Alitembea polepole, magoti yakilia kama mlango wa ghala,
akasimama mbele yangu.
Nikamwonyesha macho yangu yote.
Akatazama bega.
Kisha akaufungua ule mkono,
vidole vikielekea kila upande wa wilaya
isipokuwa kwangu,
nami nikaweka mpira humo.

Tulifungwa. Nne kwa mbili.
Usiku nilimchukia kwa Kinyakyusa, lugha asiyoijua.
Asubuhi mkono wangu ulichuma chai,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
mpaka kikapu kikajaa.