Dakika ya Arobaini na Saba

Alikuwa akitoka zamu kiwandani, Masese,
magamba ya sangara yamemganda mikononi,
ananipa sarafu ya mia tano iliyolowa,
anakaa benchi la tatu, kushoto kwa nguzo.
Balikowa. Hakuniuliza hata siku moja
leo tunaonyesha nini.

Filamu ni ile ya mwanamke na nyumba.
Huijui, haikuvuma. Mimi mwenyewe niliinunua kwa bahati mbaya
katika rundo la diski za vita.
Mwanamke anaosha vikombe, amekupa mgongo,
anaosha na kuosha, mvua inanyesha dirishani,
na dakika ya arobaini na saba anageuza shingo,
kidogo tu,
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa na asiyempenda.
Kisha picha inakatwa: barabara, polisi, taa.
Vijana wa Walukuba walizomea. Bastola iko wapi?
Wakadai mpira.

Yeye akarudi. Mara ya tisa, mara ya ishirini.
Mara ya thelathini na moja akaja kwenye kidirisha changu,
akasema: Leo kageuka zaidi.
Nikacheka. Nikamwambia, ndugu yangu, diski ni sahani,
uioshe mara mia haitakuwa bakuli.
Akasema: Jana niliona sikio. Leo nimeona kona ya jicho.
Alisema kwa upole, kama anayetaja bei ya chumvi.

Akaacha kunyoa. Akaacha kula.
Wakamfukuza kiwandani
kwa kumkata samaki mmoja kutwa nzima,
taratibu, akisubiri kichwa kigeuke.

Nabirye, mkewe, alikuja na pacha wake,
mmoja mgongoni, mwingine anaburura kandambili ya baba.
Akaniomba niivunje.
Nikaahidi. Wallahi niliahidi.
Lakini benchi la tatu lilikuwa limeshalipiwa.

Sasa, kuna sauti ya mfasiri wetu.
Unamjua: huongea juu ya picha, Kiganda cha mtaani,
humtukana jambazi, humwita shujaa mkwe.
Alirekodi ile kazi miaka kumi iliyopita, akafa.
Sauti iliyokaushwa haiongezi neno.
Basi ni nani, usiku ule umeme ulipopepesa
(sisi tulalao miguuni pa bwawa ndio tulalao gizani),
ni nani aliyesema, bila mzaha wowote:
"Hapa anamwona yule aliye kushoto kwa nguzo"?

Taa ziliporudi benchi lilikuwa na unyevu
na gamba moja, kubwa kama ukucha.

Wanasema yuko Bugiri kwa mjomba. Wanasema Naili.
Mimi sikusema. Nilifunga mlango kwa komeo,
nikairudisha nyuma, kuhakikisha tu.
Mwenye duka hana budi kujua anauza nini.

Anaosha vikombe. Mvua.
Na ndani ya kioo cha dirisha lake, mabenchi.
Hayakuwepo.
Au yalikuwepo, nami nilikuwa nahesabu pesa?
Mtu kaketi. Kisogo tu, nywele zimemjaa shingoni.
Anatazama mbele. Anaonekana hajambo.

Nimeiangalia mara thelathini.
Naandika kwenye daftari la mapato, palipokuwa pa shilingi:
sikio,
kona ya jicho,
nusu ya mdomo (umefunguka).
Mtu anabisha mlangoni, nadhani ni Nabirye,
ingawa sauti ya mke wangu nayo
siku hizi imefanana na ya Nabirye.

Leo ni ya thelathini na moja.
Nimehamia benchi la tatu ili nione vizuri,
mvua imeanza, vikombe vinagongana,
na kuna jambo dogo linanisumbua, si la kutisha,
la kikazi tu:
ikiwa mimi niko hapa,
nani kule, nyuma ya kidirisha,
amebonyeza?