Themanini na Saba

Maharage niliyoyainjika jana jioni
bado yanagonga meno kama kokoto.
Huku juu, milimani Bolivia, hewa ni ya kukopa;
nafika ubaoni sina pumzi ya kusema habari za asubuhi.

Leo tunachemsha maji.
Eulogia anasoma kipimajoto: themanini na saba.
Anatazama kitabu. Kitabu kinasema mia.
Analamba kidole, anafuta,
anaandika mia.

"Umeona ngapi?"
Sufuria inatokota.
"Mwalimu, kitabu kimetoka mjini."

Mimi nimetoka mbali kuliko kitabu,
na maharage yangu hayaivi.

Jioni mama yake abisha,
sufuria ya presha kwapani, mpini umefungwa kamba.
"Miezi miwili unatafuna mawe," asema,
"na hukuuliza."